Albamu za muziki wa metali kali na ya majaribio za mwaka 2024: je, The Adept ya Lord Spikeheart ina nafasi katika orodha?

Msikilizaji wa Kahawa West

Wapenzi wa metali, hamjambo. Mwaka 2024 umekwisha, nami nimekaa kupanga albamu zilizonishika zaidi, nikijifunga na sharti moja tu: kila albamu iwe niliyoisikiliza kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka, tena kwa kurudia, kwa sababu muziki huu hauhukumiwi kwa wimbo mmoja uliookotwa kwenye orodha ya mtu mwingine.

Nafasi ya kwanza nimeipa Absolute Elsewhere ya Blood Incantation wa Denver, iliyotoka tarehe 4 Oktoba. Ina vipande viwili tu, "The Stargate" na "The Message", kila kimoja kikiwa na sehemu tatu na kikichukua takriban dakika 20 au zaidi. Waliirekodi katika studio za Hansa mjini Berlin, zile zile alizorekodia David Bowie albamu yake ya mwaka 1977, na katika sehemu ya pili ya "The Stargate" wakamwalika Thorsten Quaeschning wa Tangerine Dream, kundi la muziki wa kielektroniki la Ujerumani. Ukikumbuka kwamba mwaka 2022 bendi hii ilitoa Timewave Zero, kazi iliyojengwa juu ya sinthesaiza (vinanda vya kielektroniki), isiyo na mngurumo, utaona kwamba walikuwa wakiijenga njia hii kwa muda mrefu. Sasa dethi metali yao (metali ya kasi yenye sauti ya kunguruma) na muziki ule wa anga vimekaa chini ya paa moja.

Nafasi ya pili ni Cutting the Throat of God ya Ulcerate kutoka New Zealand, na ya tatu ni Muuntautuja ya Oranssi Pazuzu wa Finland. Hawa wa mwisho wanaimba kwa Kifini, lugha nisiyoelewa hata neno moja, nami naona hilo halinipunguzii chochote, kwa kuwa sauti ya Juho Vanhanen imetumiwa kama chombo kingine cha muziki katikati ya vinanda vilivyopotoshwa na besi inayozunguka mahali pamoja mpaka msikilizaji apoteze hesabu ya muda.

Swali langu ni hili. Nimeiacha nje The Adept ya Lord Spikeheart, iliyotoka mwezi Aprili. Si kwa sababu sikuipenda, la hasha, bali kwa sababu sina hakika kama ni albamu ya metali, na sitaki kumpa mtu nafasi kwa kuwa tu ni mwenzetu wa Nairobi. Je, mnaionaje? Na ni ipi nyingine ambayo mngeiweka kwenye tano bora?

Besi ya Ngara

Ndugu, orodha yako ina heshima, lakini nafasi ya kwanza na ya pili ningezibadilishana bila kusita.

Sikatai kwamba Absolute Elsewhere ni kazi kubwa. Paul Riedl na wenzake wanajua kupiga, na Isaac Faulk ni mpiga ngoma ambaye anaweza kuhama kutoka mwendo wa kasi kabisa hadi mdundo mlegevu wa roki ya miaka ya 1970 bila kuonyesha jasho. Tatizo langu ni viungo. Dethi metali inapiga, inasimama, sinthesaiza zinaingia, zinatoka, halafu dethi metali inarudi. Ukimpa mtu mkasi, anaweza kuzikata sehemu zile na kuzitenga, na kila moja ikaendelea kuishi peke yake kana kwamba haikuwahi kuihitaji nyingine. Kwangu hayo ni majirani wawili wazuri wanaosalimiana kwenye ngazi, na majaribio ya kweli yanapaswa kuugeuza wimbo wenyewe ulivyojengwa.

Sasa msikilize Ulcerate. Ni watu watatu tu: Paul Kelland kwenye besi na sauti, Michael Hoggard kwenye gitaa, na Jamie Saint Merat kwenye ngoma, ambaye pia ndiye anayeshughulikia kurekodi na kuchanganya sauti. Hii ni albamu yao ya saba, ina nyimbo saba na inakaribia saa nzima. Katika metali ya kawaida gitaa ndilo linaloongoza na ngoma zinafuata. Hapa mara nyingi utasikia Hoggard ameshikilia noti chache zenye kukwaruzana, akiziacha zining'inie, huku ngoma zikifanya kazi ambayo kwa wengine ingefanywa na melodi, yaani kusimulia wimbo unakwenda wapi. Saint Merat hapigi kasi kwa ajili ya kasi. Anabingirisha ngoma za kati, anapunguza pale unapotarajia mlipuko, anaacha sahani moja ilie peke yake juu ya besi, kisha anakurudisha ndani ya dhoruba kwa mlango ambao hukuuona. Hakuna mkasi unaoweza kuingia hapo. Ukiondoa ngoma, hakuna wimbo unaobaki. Ukiondoa ule ukwaruzano wa noti, ngoma hazina pa kusimama.

Tena wapo wanaolalamika kwamba tangu albamu yao ya mwaka 2020 wamekuwa laini kwa sababu melodi inasikika zaidi. Mimi naona melodi ile imewafanya wawe wazito zaidi, kwa maana sasa kuna kitu cha kupoteza pale wimbo unapoporomoka.

Nyongeza ndogo: msiisikilize ndani ya matatu. Hata ukiwa na spika nzuri za masikioni, besi ya gari la Jogoo Road itaimeza ile ya Kelland, na besi ndiyo inayofunga kila kitu katika albamu hii.

Nyuzi Saba

Kaka zangu, naomba niliguse swali la The Adept, kwa sababu ndilo lililoulizwa na bado halijajibiwa.

Kigezo cha "je, kuna magitaa?" ndicho kinachotupoteza. Nasema hivyo nikiwa mpigaji wa gitaa. Uzito wa metali unatokana na marudio yenye nguvu, na sauti ya mwanadamu iliyosukumwa hadi ukingoni, na namna ukimya unavyotumika kabla ya pigo. Haya yote yanaweza kufanywa na mashine, na Martin Khanja, ambaye ndiye Lord Spikeheart, amekuwa akiyafanya tangu siku za Duma, kundi lake la watu wawili na Sam Karugu. Waliokuwa wakihudhuria matamasha madogo ya Nairobi wanakumbuka kwamba wawili hao walitokea katika bendi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Hawa ni watu waliokulia ndani ya metali ya mji huu, wakaibeba hadi Kampala, na lebo ya huko, Nyege Nyege Tapes, ikatoa albamu ya Duma mwaka 2020. Hawakuwa wageni waliookota mngurumo ili kuipamba densi ya kompyuta. Ukiisikiliza sauti ya Khanja kwa makini utamsikia mwimbaji aliyejifunza kupumua kwa namna ya dethi metali: mngurumo wa chini unatoka tumboni, na ule mlio wa juu wa blaki metali hauvunjiki hata unaporefushwa.

Kwa hiyo ndiyo, ni metali. Swali gumu zaidi ni kama ni albamu nzuri kwa ujumla wake, na hapo sitamwonea haya kwa ujirani. Nguvu ya albamu ya Duma ilikuwa katika uchache: watu wawili, wazo moja, mashine za ngoma zinazokimbia kuliko mkono wowote, na sauti inayojaribu kuzifikia. The Adept, iliyotolewa na lebo yake mwenyewe ya Haekalu, imewaalika watayarishaji na wageni wengi, akiwemo Backxwash, rapa mzaliwa wa Zambia anayeishi Kanada na aliyeshinda Polaris, tuzo ya muziki ya Kanada, mwaka 2020. Matokeo yake ni kwamba kila wimbo una chumba chake na mwangwi wake. Kuna mahali ambapo mpito kutoka trapu nzito (aina ya hip hop) hadi kelele tupu unasisimua kweli kweli, na kuna mahali ambapo naona wimbo umekatika wakati ndipo ulipokuwa unaanza kusema jambo. Kama Besi ya Ngara anawalaumu Blood Incantation kwa viungo vinavyoonekana, basi haki inadai tuitumie fimbo ile ile hapa.

Kinachoishikilia albamu isitawanyike ni sauti yake, na pia dhamira. Ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, shujaa wa ukoo wake, mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal katika vita vya Mau Mau na aliyefariki mwezi Septemba 2023. Wengi wetu tunakumbuka picha za mwaka 2022 wakati nywele zake ndefu za msituni ziliponyolewa na Mama Ngina Kenyatta kule Nyeri. Hasira katika albamu nyingi za metali za Ulaya na Marekani ni hasira ya kufikirika: sayari zinazokufa, miungu iliyochinjwa, na kadhalika. Hii ina jina na ina mlima. Sisemi kwamba hilo peke yake linaufanya muziki uwe bora, ila linaeleza kwa nini Khanja anapopiga kelele husikii kwamba anaigiza.

Mimi ningeiweka nafasi ya nne, chini ya Muuntautuja. Na kwa habari ya Muuntautuja, mbona mmeipita haraka hivyo? Katika "Ikikäärme", wimbo mrefu kuliko yote mle ndani, piano inaanza kama mtu anayejifunza, kisha bendi nzima inaupandisha wimbo pole pole mpaka huwezi kusema ni wakati gani hasa ulipogeuka kuwa wa kutisha. Hiyo ni albamu yao ya sita, na kila mara wamebomoa walichokuwa wamejenga.

Msikilizaji wa Kahawa West

Dada Nyuzi Saba, ahsante. Sasa nina sababu na si jazba tu, na The Adept inaingia nafasi ya nne kama ulivyopendekeza. Hoja ya dhamira ina uzito kwangu, ingawa nakubaliana nawe kwamba wageni wangepunguzwa.

Ila kwa Besi ya Ngara sitoki kwenye nafasi yangu ya kwanza. Unasema sehemu zinaweza kukatwa kwa mkasi. Irudie "The Message" ukifuata gitaa peke yake: zipo kauli za gitaa zinazopita kwanza katika mwendo mtulivu, karibu wa kuota ndoto, kisha zinarudi baadaye zikiwa zimevishwa ukali wa dethi metali, na huo ni ujenzi wa kipande kizima wala si ujirani wa ngazini. Isitoshe, zile sehemu tulivu hubadilisha namna sikio linavyopokea mlipuko unaofuata. Ulcerate hawakupi nafasi ya kupumua kwa karibu saa nzima, na huo ni uamuzi wao wa kisanaa ninaouheshimu, lakini ifikapo wimbo wa tano mimi huwa nimeanza kusikia uchovu wangu badala ya muziki wao.

Mzee wa 105.5

Vijana wangu, nafurahi kuona watu wanabishana juu ya viungo vya nyimbo. Sisi tulioipata roki kupitia redio ya XFM tulikuwa tukibishana zaidi juu ya nani anapiga kwa kasi zaidi.

Nafasi ya tano naomba muiachie The Healer ya Sumac. Ni nyimbo nne tu katika dakika 76, na ule wa kwanza, "World of Light", peke yake unapita dakika 20. Aaron Turner (aliyekuwa kiongozi wa bendi ya Isis), Brian Cook na Nick Yacyshyn wamefikia mahali ambapo sehemu iliyoandikwa na sehemu iliyobuniwa papo hapo haziachani. Unasikia gitaa likikoroma bila mdundo kwa muda mrefu, mtu asiye na subira anadhani mitambo imeharibika, kisha watatu wale wanakutana juu ya pigo moja zito ambalo lisingekuwa na maana bila ule upotevu uliotangulia. Kwa kigezo cha Besi ya Ngara, yaani majaribio yanayougeuza muundo wenyewe, hii inawapita wote mliowataja, Ulcerate wakiwemo. Kwa kigezo cha kufurahia Jumapili mchana, hapana. Sidhani kama nitaisikiliza mara nyingi kama Muuntautuja.

Chat Pile wa Oklahoma City nao walitoa Cool World mwezi Oktoba, na vijana wengi wanaiweka katika orodha hizi. Naipenda, lakini ni roki ya kelele iliyosimama kwenye mpaka, na nyimbo zake zimejengwa kwa njia ya kawaida kabisa. Ukali wake uko katika maneno. Umbilical ya Thou wa Baton Rouge ina uzito zaidi wa metali, ila hapo majaribio ni machache.

Jambo la mwisho ni la malipo, kwa kuwa kila mwaka kuna anayeuliza. Albamu nyingi za aina hii zinauzwa kwenye Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao, na asiye na kadi ya benki anaweza kufungua kadi ya Visa ya mtandaoni ndani ya M-Pesa na kulipa nayo. Ni vyema kusubiri zile Ijumaa ambazo Bandcamp huondoa mgao wake, hasa kwa msanii anayejiendeshea lebo kama Khanja, kwani siku hiyo fedha nyingi zaidi humfikia mwenyewe.