Naombeni ushauri: risechi yangu ya ujana na utu uzima, dodoso limenigomea Newala

Binti_Korosho
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo yenu maana hapa nilipo kichwa kinaniuma. Niko masta ya saikolojia, nalinganisha vijana wa vijijini Newala na wa Dar, swali langu ni mtu anaanza lini kujiona mtu mzima. Supavaiza akanielekeza nitumie dodoso linalofuata mawazo ya Arnett, yule Mmarekani aliyesema mwaka 2000 kwamba baada ya ujana kuna kipindi kingine, miaka 18 mpaka 25 hivi, mtu bado anajitafuta, anahamahama kazi na wapenzi, hajatulia. Lina sentensi 31, nikazitafsiri mwenyewe usiku kucha nikajiona mjanja.

Dar lilienda kama maji, wa chuo walikuwa wanajaza huku wanacheka "huyu kaniandika mimi". Newala sasa. Kuna sehemu inauliza kama unajiona uko katikati, si mtoto si mtu mzima. Dada mmoja wa miaka 17, mtoto mgongoni, anapukuchua mahindi, akaniangalia weee akaniuliza "katikati ya nini?" Nikakosa jibu. Na kabla ya hapo nilimpa fomu ya ridhaa nikamwambia uko chini ya 18 kwa hiyo asaini mzazi, akasema "mzazi si ndo mimi". Kina mama pale barazani walicheka mpaka nikaona aibu. Kilichoniuma zaidi yeye wanamwita mama Fulani na ushauri wanamuomba, mimi nina 27 na laptop yangu naitwa "mtoto wa chuo", bibi mmoja akanituma ndoo ya maji na nikaenda kweli.

Sasa alama za Newala zinatoka chini na supavaiza anataka niandike kwamba wale "utambulisho wao haujakomaa". Roho inagoma. Nimebakiza miezi 3, nifanyeje?

Mzee wa Kahawa
Pole binti, ila huyo bibi alikupima kwa ndoo moja akamaliza, wewe unahitaji sentensi 31 😂

msomi_uchwara
Usiandike hivyo, utaumbuka siku ya kujitetea. Mambo ya utambulisho kukomaa au kutokomaa yanatoka kwa mwanasaikolojia Marcia, 1966, alihoji wanafunzi wa chuo 86 wa Kimarekani, wote wanaume. Kwa kipimo chake kijana aliyepokea njia ya wazazi bila kuhangaika kwanza anawekwa kapu la "amejifungia mapema". Sasa kipeleke hicho kipimo chake kijijini, kijana anarithi shamba la korosho la baba na jina la babu, ajitafute wapi? Nsamenang, mwanasaikolojia wa Cameroon, aliligusa hili miaka ya 90, kwamba huku kwetu mtu anakua kwa majukumu anayokabidhiwa na kwa nafasi yake kwenye ukoo. Huyo lazima awemo kwenye sura yako ya pili, ile ya mapitio ya tafiti za wengine.

Na tafsiri ya usiku mmoja peke yako hapana dada. Mpe mtu mwingine airudishe Kiingereza bila kuona ya mwanzo, halafu kaa na watu watano wa pale waambie wakuelezee kila sentensi kwa maneno yao. Hiyo "katikati ya nini" usiione kama hasara, hiyo ni data, iandike neno kwa neno.

Kericho_Boy
Niko Kenya lakini wacha nichangie. Watafiti Super na Harkness walikaa kwetu kijiji cha Kokwet miaka ya sabini, wakakuta Wakipsigis wana neno ng'om, yaani mwerevu, lakini ukisema ng'om en sukul ni wa shule, ng'om en gaa ni wa nyumbani, yule hata hujamtuma ashaona ndama ametoka. Hao ni watu wawili tofauti kabisa, shosho yangu, yaani bibi, alikuwa anasema nina moja tu na si ile ya maana. So hata wewe anza na maneno yao, uliza mtu akisemwa amekuwa mtu mzima amefanya nini. Hiyo tick tick ije baadaye.

Jando98
Mimi wa Masasi. Msije mkamdanganya kwamba jando na unyago ndo mpaka wa utu uzima, yameisha hayo. Mimi nimeingia nina miaka 9, likizo ya mwezi wa sita, nikatoka nimevalishwa nguo mpya naambiwa wewe sasa mkubwa, usiingie ovyo chumba cha mama. Jumatatu niko darasa la tatu nachapwa kwa kuchelewa namba. Ukubwa gani huo? Uliza umri walioingia, utashangaa.

dada_mkali
Samahani mtanichukia. Mnamsifia huyo wa 17 kama mtu mzima, kuna mtu kamuuliza kama alitaka? Inawezekana hana "katikati" kwa sababu alinyang'anywa. Kuna watafiti Schlegel na Barry walipitia jamii 186 duniani, kitabu chao cha 1991, karibu zote zina kipindi cha ujana, kifupi au kirefu. Kwa hiyo Newala kipo, muulize mimba iliingia akiwa darasa la ngapi na wenzake wa darasa wako wapi leo.

msomi_uchwara
@dada_mkali hapo umenigusa, nilikuwa nakimbilia utamaduni tu. Binti, linganisha pia wenye watoto na wasio na watoto ndani ya Newala hiyohiyo. Na kuhusu saini ya mzazi, rudi kamati ya maadili uwaulize wanamchukuliaje mama aliye chini ya 18, usijiamulie.

Binti_Korosho
Jamani asanteni. @dada_mkali umeninyima usingizi, maana kwenye daftari nimeona aliniambia "nilikuwa namba tatu darasani" na mimi nikaruka nikaendelea na sentensi ya 12. Supavaiza nimemwandikia, kasema nimpelekee kurasa 2 za kujieleza Ijumaa. Nikishajibiwa na kamati narudi Newala bila dodoso, na daftari tu. Swali la mwisho, kwa yule bibi niende na nini?

Somo wa Mtaa
Doti ya kanga na sukari kilo mbili. Na ya unyago usimuulize siku ya kwanza, wala ya pili.

Mzee wa Kahawa
Na ndoo.