Tupeane uzoefu: umetoa kazi yako, watu wakakushambulia. Ulifanyaje?

Wakuu, habari za jioni. Naandika mashairi kwa Kiswahili hapa Kampala. Juzi nilipanda jukwaani, kabla sijamaliza ubeti wa pili mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Afande, tumekusikia!" Ukumbi mzima kicheko. Nilimaliza, ila kwa mbio. Nyinyi wenye ngozi ngumu, mnafanyaje?

Mtoto wa Bombo
Pole ndugu. Sisi Wanubi, wazao wa askari wa kikoloni waliotoka Sudan, hilo la afande tumelizoea tangu utotoni. Kiswahili hapa kilitoka kambi za jeshi, na enzi za Amin wengi walikisikia pamoja na kipigo. Aliyepiga kelele alikuwa na machungu yake au ya baba yake, shairi lako hakulisikia. Mimi wakiniita afande najibu, "Haya, simameni wima msikilize!" Wakicheka naendelea.

Dada wa Kamwokya
Kelele za ukumbini si kitu. Kinachouma ni mtu aliyekusoma kweli. Nilianza kwenda FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, siku za Jumatatu, watu wanasomeana kazi na kuchambuana. Dada mmoja alichukua penseli, akazungushia "machozi" kila yalipotokea kwenye ukurasa wangu, kisha akauliza kwa upole: "Huyu bibi hachoki?" Kwenye taksi ya kurudi nilimtukana kimoyomoyo hadi Ntinda. Kesho yake nikayafuta, nikabakiza ya msibani tu. Hayo alitaka niyatoe pia, nikagoma.

Boda Mchekeshaji
Mimi nikishapandisha video nazima data, naenda kubeba abiria. Maoni nasoma kesho nikiwa nimeshiba.

Mwalimu Arua
Niliweka hadithi mtandaoni, Mtanzania mmoja akanisahihisha ngeli mwanzo mwisho, tena hadharani. Kwenye masimulizi alikuwa sahihi, nikarekebisha na kumshukuru. Ila alipomgusa mama muuza samaki wa Panyimur anayesema "samaki yangu hii", nikamwambia hapo kaka utanisamehe, sokoni kwetu ndivyo tunavyoongea.

Gulu Kwetu
Nyongeza. Mzee wetu, mshairi Okot p'Bitek, alipotoa shairi lake refu *Song of Lawino* mwaka 1966, mwanzoni mwa kitabu aliandika mwenyewe kwamba kwa kukitafsiri kutoka Kiacholi ameua mizani na vina. Baadaye mwandishi mwenzake Taban lo Liyong akaja kusema tungo ya Kiacholi ndiyo nzito, ya Kiingereza nyepesi. Sasa utamuumiza vipi mtu kwa jambo alilokwisha kulitangaza? Tangu nilijue hilo, kabla sijatoa kitu namwambia rafiki mahali ninapopaona pamelegea.

Dada wa Kamwokya
@Gulu Kwetu hiyo naichukua. Lakini usiitangazie hadhira nzima, watasoma wakitafuta palipolegea tu.

Mtoto wa Bombo
Mwenye mada, mbona hilo shairi lenyewe hatujaliona? Tuwekee hapa. Kama ni bovu tutakwambia.