Wazee wa kanisa: upendo ni wa Jumapili tu? Jumanne ni fimbo?

Wakuu nimeshindwa kulala, nimeona niandike hapa maana huku kwetu Masasi nikiongea naambiwa nina mdomo.

Juma lililopita kanisani tumehubiriwa Mathayo 5, mpende adui yako, akupigaye shavu la kuume mgeuzie na la pili, mahubiri saa nzima mpaka watoto wanasinzia. Mzee mmoja wa kanisa anaitikia Amina kuliko wote. Jumanne kijana wa miaka kama 14 kakamatwa kwenye shamba la mzee huyohuyo na sado ya korosho, hata haijajaa. Wakamfunga kamba kwenye mkorosho, wakamtandika. Nani wanatandika? Siyo walevi wa uraka, ni watu nawajua kwa sauti zao, mmoja anaimba besi kwaya yetu. Nimefika nikasema jamani mpelekeni kwa mwenyekiti wa kijiji, nikaambiwa na wewe unagawana nao nini.

Sawa, kuiba kaiba, simtetei. Mimi mwenyewe msimu uliopita niliibiwa gunia zima na liliniuma sana.

Sasa kilichonitoa machozi ni hiki. Mama yake, mjane, kaenda kwa huyo mzee kuuliza mbona mwanangu mkono haunyanyuki, akajibiwa eti mama wewe ni Mkristo, geuza shavu, samehe saba mara sabini. Yaani shavu la kugeuza ni la mjane tu, la mwenye ekari ishirini halihusiki!

Afu hilo andiko wanalitumia kama plasta ya kuziba midomo. Yesu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakunyamaza, someni Yohana 18:23, alimuuliza yule askari "kama nimesema vema, wanipigia nini?" Hakurudisha kofi, ila swali aliliuliza. Hiyo ndo tofauti ambayo hawa wazee hawataki tuijue, kutopiga siyo kunyamaza. Martin Luther King, yule mchungaji mweusi wa Marekani aliyeongoza Weusi kugomea mabasi yenye ubaguzi wa rangi, nyumba yake ililipuliwa na bomu 1956 pale Montgomery, mke na kichanga chao wamo ndani, watu wakaja na silaha wana hasira, yeye kasimama barazani kawaambia rudini nyumbani, tuwapende adui zetu. Lakini je aliwaambia basi yaishe pandeni mabasi? Waligomea mabasi siku 381 mpaka ubaguzi kwenye mabasi yale ukaondoka. Mtu mwoga hawezi hiyo, na mtu mwenye fimbo mkononi ndo kabisa, maana huyo keshakuwa mtumwa wa hasira yake.

Na ishu ya utumwa mimi ndo inanichoma zaidi. Masasi hii wakuu! Wakristo wa kwanza hapa ni watumwa walioachwa huru, Askofu Steere, mmisionari Mwingereza, aliwatoa Zanzibar 1876 wakashukia Lindi wakatembea kwa mguu mpaka hapa. Watu waliokuwa wanaijua kamba ya mkononi inavyokata ngozi. Leo sisi tunaojisifia historia hiyo kila sikukuu tunamfunga mtoto kamba kwenye mti, tena kwa fundo zuri kabisa, halafu jioni mazoezi ya kwaya kama kawaida.

Nimemfuata katekista nikamwambia suala lijadiliwe, mtoto apelekwe hospitali kwa gharama za waliompiga, na mama aombwe radhi. Jibu lake ni kwamba nisilete siasa kanisani, na korosho ya mzee ndo iliyopaua kanisa. Kweli bati zile ni zake. Kwa hiyo tukinyeshewa tutakuwa na haki ya kuongea?

Jumapili hii zamu ya kusoma somo ni ya mzee, nimecheki ratiba ukutani, ni Wagalatia 5, mliitwa mpate uhuru, tumikianeni kwa upendo. Mama nimemwambia twende naye na mtoto wake na ule mkono, tukae benchi la mbele. Kakubali.