Trekta dogo linagoma kunyanyua rotaveta oili ikipata moto, naomba ushauri

Mpunga_Usangu
Wakuu, habari za majukumu. Nina trekta dogo la mtumba kutoka Japani, hp 24, nalimia majaruba ya mpunga huku Mbarali. Likiwa la baridi linanyanyua rotaveta (mashine ya kulimia inayofungwa nyuma) vizuri. Likishapiga kazi, mikono ya nyuma inapanda kwa kusuasua huku ikitetemeka na pampu inalia kwa sauti nyembamba. Kufika jioni haipandi kabisa, mpaka jeki. Nikizima injini rotaveta ikiwa juu, inashuka taratibu hadi chini. Oili kwenye dipstiki imekuwa kama chai ya maziwa. Fundi wa hapa anasema pampu imekufa, ninunue nyingine. Mvua zimeanza, naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Spana_Makambako
Pole mkuu. Pampu usinunue kwanza. Ikilia hivyo, mara nyingi inakosa oili upande wa kuvuta. Chota oili kwenye chupa ya maji, iache ilale. Ikirudi rangi yake asubuhi, ule weupe ni povu: inavuta hewa, au oili imepungua. Ikibaki nyeupe, maji yameingia.

Mama_Ifakara
Kagua na ule mpira unaofunika mguu wa gia. Langu ulichanika, maji yakawa yanaingilia hapo vijana wakiliosha. Trekta nyingi ndogo hutumia oili moja kwa gia na haidroliki (mfumo wa kunyanyua kwa nguvu ya oili), kwa hiyo gia nazo zinaumia.

Mpunga_Usangu
Asanteni sana. Imebaki nyeupe, na maji yamejitenga chini ya chupa. Nimwage niweke namba 40?

Spana_Makambako
Hapana, hiyo ni ya injini. Tafuta ya trekta, ya gia na haidroliki kwa pamoja, kopo huandikwa UTTO. Mwaga ya zamani ikiwa bado ya moto. Fungua filta ya kuvutia: ya wavu osha kwa dizeli, ya karatasi badilisha. Oringi, ule mpira wa duara wa kuziba, weka mpya. Ukijaza, pandisha na shusha mikono bila mzigo hewa itoke. Maji hubaki kwenye kona za hausingi (gamba lenye gia na oili), kwa hiyo fanya kazi kidogo kisha uikague tena. Ikiwa nyeupe, mwaga tena.

Kijana_wa_Mwea
Fundi wake anaweza kuwa na hoja. Oili ya moto ni nyepesi, pampu iliyolika huipitisha pembeni. Baada ya usafi, ikigoma tena, funga geji upime presha kabla ya kununua.

Mpunga_Usangu
Mrejesho wakuu: wavu ulizibwa na ute mweusi, na oringi ilikuwa ngumu, ina ufa. Sasa inanyanyua hata ikiwa ya moto, pampu imetulia. Ila nikizima bado inashuka.

Spana_Makambako
Afadhali. Hilo la kushuka ni tatizo jingine. Mbele ya kiti, chini, kuna kitufe cha kuzungusha cha mwendo wa kushuka. Nyanyua rotaveta, kifunge kabisa, zima. Ikitulia, uvujaji uko kwenye valvu ya leva. Ikiendelea kushuka, shuku sili (mpira wa kuzuia oili) ya pistoni ya kunyanyulia. Ukitaka kufungua, ishushe chini kwanza, na mtu asiingize hata mguu chini yake ikiwa juu bila magogo ya kuizuia.

Mpunga_Usangu
Imeendelea kushuka. Natafuta sili.