Walimu wa tizi Dar, mtaua migongo ya watu kwa jina la siksi paki!

Wakuu salaam. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa kupunguza uzito, hapa ni tumbo tu.

Pita Coco Beach Jumamosi asubuhi. Watu wamelala chali mchangani, wenzao wamewakalia miguu, mwalimu na filimbi yake: "Mia moja! Choma hayo mafuta!" Mafuta gani yanachomwa pale? Msuli wa tumbo hauli mafuta yaliyoukalia. Mwili unachota mafuta kila mahali na kuyapitisha kwenye damu, na kwa wanaume wengi kitambi ndicho kinachobaki cha mwisho. Situpu mia hazifiki hata kalori 50, kola moja ya mililita 350 inakaribia 150, na kilo moja ya mafuta ni kama 7,700. Halafu wakitoka hapo wanahamia kwenye mihogo ya kukaanga!

Na nani aliwafundisha kukalia watu miguu? Miguu ikibanwa, kazi inachukuliwa na misuli inayokunja nyonga, ambayo imejishikiza kwenye pingili za chini za uti wa mgongo. Ndiyo maana mtu anaamka Jumapili kiuno kinawaka na tumbo halina habari.

Fanya hivi. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini, asikushike mtu. Mikono ipishane kifuani, maana ukiiweka kisogoni utavuta shingo. Toa pumzi huku ukisogeza mbavu zielekee kiunoni mpaka mabega yaachane na sakafu, basi, huna haja ya kukaa wima. Tulia sekunde moja, shuka kwa hesabu ya tatu. Piga 10 hadi 15, seti tatu, pumzika kama dakika moja katikati. Zikiwa rahisi kumbatia kilo 5 kifuani, usikimbilie mia. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, huu ni msuli kama wa paja, nao unahitaji kupumzika.

"Zoezi la tumbo la chini" ndilo linalonichosha kabisa. Hakuna msuli wa chini peke yake: ni misuli miwili mirefu, kushoto na kulia, kutoka kinenani hadi mbavuni, imekatizwa na kano, na mpangilio wa vile vipande vya siksi paki umezaliwa nao. Kuna watakaoishia na vinne hata wakonde vipi. Kunyanyua miguu kunasaidia pale tu nyonga inapojikunja kuelekea kifuani. Kiuno kikiinuka sakafuni kama upinde, acha, kunja magoti kwanza.

Planki (kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka) za dakika tano nazo, makalio yamening'inia? Kaza makalio, kaza tumbo, sekunde 30 za kweli mara tatu.

Wauza mikanda ya jasho: lita moja ya jasho ni kilo moja kwenye mizani, na inarudi mtu akinywa maji. Kwa joto la Dar la Februari, kumfunga mtu nailoni na kumkimbiza ni kumtafutia kuzimia.

Ila ninachoona ni hatari kuliko vyote ni kumpigisha situpu mama aliyetoka kujifungua. Alale chali, ainue kichwa kidogo, apapase katikati ya tumbo usawa wa kitovu. Vidole zaidi ya viwili vikizama, au tumbo likichomoza katikati kama tuta, misuli imeachana. Huyo ni wa mtaalamu wa viungo hospitalini, siyo wa filimbi yako. Mwenye ngiri ya kitovu naye aonwe na daktari kwanza.

Kitambi kinatoka kwenye sahani. Punguza kalori 300 hadi 500 kwa siku: soda itoke, chipsi mayai ya usiku itoke, ugali upungue theluthi, dagaa na maharage viongezeke. Robo kilo hadi karibu nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Nunua futi ya fundi cherehani, pima usawa wa kitovu asubuhi kabla ya kula, kila baada ya wiki mbili.

Mwalimu anayebisha aje hapa aandike msuli gani unavuta miguu ikikaliwa. Na wale wa "mbona mimi mkanda ulinipunguza kilo mbili siku moja", kunyweni maji kwanza, mkapime tena, ndiyo mje.