Naomba ushauri: kupiga picha watawa wa Kibudha Sri Lanka

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao naenda Sri Lanka, na ninapopatamani kuliko kote ni Gal Vihara, kule Polonnaruwa: sanamu za Budha zilizochongwa kwenye mwamba mmoja karne ya 12, enzi za mfalme Parakramabahu wa Kwanza. Ile iliyolala ina mita 14 hivi, na michirizi ya jiwe lenyewe inampita usoni. Juu pamejengwa paa. Aliyewahi kufika anieleze mwanga mzuri unaingia saa ngapi.

Masharti ya sanamu nayajua: unavua viatu na kofia, unafunika mabega na magoti, hupigwi picha ukiwa umeipa sanamu mgongo. Wenyeji hawana mzaha. Mwaka 2012 watalii wa Kifaransa walipewa kifungo cha nje kwa picha za kujifanya wanaibusu sanamu.

Kinachonisumbua hasa ni watawa. Mimi ni mwanamke, najua sitakiwi kumgusa mtawa wa kiume, lakini je, naweza kumsogelea na lenzi ya milimita 35? Au nichukue ya 85 nikae mbali? Kumpiga mtu picha kwa mbali bila yeye kujua, kwangu ni kumwibia, sitaki. Ruhusa naiomba mwenyewe kwa ishara au kupitia mwongoza watalii? Na wale watoto wanaosomea utawa, wa kuombwa ruhusa ni nani?

Mwenye uzoefu wa huko, hata wa Thailand au Myanmar, naomba anisaidie.