IST 1.3 na plato 100 za mayai, Lubumbashi: niongeze nafasi namna gani bila kuua motoka?

mwalimu_golf

Bandugu na bayaya, jambo. Ninaomba mawazo ya wale wanaobeba mizigo kwa motoka ndogo.

Mimi ni mwalimu. Nina Toyota IST ya 2004, injini 1.3, otomatiki. Kila asubuhi inanitoa mtaa wa Golf hadi mjini, watoto wawili wakiwa nyuma. Niliichagua kwa sababu hainywi sana. Nikijaza tangi, nikatembea, nikajaza tena na kupiga hesabu, ninapata karibu lita 7 kwa kilomita 100.

Tangu mwaka jana ninauza mayai pia. Jumatano mchana na Jumamosi asubuhi ninakwenda kuyachukua kwenye ferma moja upande wa barabara ya Kipushi, ninawagawia mamama wa soko la Kenya (mtaa wa hapa, si nchi) na maduka matatu ya Kamalondo. Ninabeba plato (trei za mayai) 45, viti vya nyuma vikiwa vimekunjwa. Sasa Jumamosi wateja wanataka 100. Nikifanya safari mbili, faida yote ninaiacha kwenye esansi (petroli). Wakati wa kwenda, wenye ferma wananiomba niwapelekee mifuko miwili ya chakula cha kuku, kilo 50 kila mmoja.

Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu anataka kunitengenezea galeri ya chuma juu ya paa. Shemeji anasema nivute remoki (tela). Jirani anasema nipandishe nyuma kwa kutia vipande vya mpira kwenye springi, halafu nijaze tu. Nina dola 300, na motoka hii ndiyo inayonipeleka kazini Jumatatu. Mngefanya nini ninyi mngekuwa mimi?

fundi_katuba

Mwalimu, dada yangu, kabla ya chuma chochote tafuta mizani. Pima plato kumi pamoja, si moja, halafu utuletee kilo.

Nikueleze kwa nini. Karatasi za Japani za motoka ya watu watano zinahesabu kila mtu kilo 55. Tano mara 55 ni 275. Hizo ndizo kilo zilizoandikiwa IST yako juu ya uzito wake mwenyewe, na wewe dereva umo ndani yake. Watu wengi hapa wanafikiri wanakosa nafasi, kumbe kilo zimekwisha zamani. Kwako ninaona ni kinyume: mayai yanajaza motoka kabla ya kuilemea. Ni mzigo mzuri kwa mtu mwenye IST.

Vipande vya mpira kwenye springi, hapana. Vinainua sura ya motoka tu. Breki za nyuma zinabaki zilezile, beringi zilezile, tairi zilezile. Tazama ubavu wa tairi yako: kama ni 175/65R15 utaona namba 84, maana yake tairi moja inaruhusiwa kilo 500 na si zaidi, tena ikiwa na upepo wa kutosha. Motoka ikikaa chini nyuma inakuambia ukweli. Ukiiinua kwa mpira umeinyamazisha.

mwalimu_golf

Asante fundi. Nimepima jioni hii kwa mizani ya jirani anayeuza bunga (unga): plato kumi ni kilo 19. Kwa hiyo 100 ni kilo 190. Mimi nina kilo 64. Jumla 254.

fundi_katuba

Basi unaingia, ukiwa peke yako. Bila msaidizi pembeni, bila mfuko wa bunga wa kurudi nao nyumbani. Mifuko miwili ya chakula cha kuku wakati wa kwenda ni kilo 100 na motoka ni tupu, hilo halina shida. Ilaze sakafuni, usiisimamishe.

njia_ya_likasi

Kuhusu galeri nitakueleza yaliyonipata mimi. Nilikuwa na Toyota Vitz, nikatengenezewa galeri ya mabomba, nikapanga juu mifuko mitatu ya makala (makaa) kutoka upande wa Likasi. Kwenye kona moja motoka iliegemea, na ikaendelea kuegemea hata baada ya mimi kunyoosha usukani. Tulitoka barabarani hadi kwenye majani. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe, lakini paa lilibonyea pande zote mbili na mvua ya kwanza iliingia ndani.

Motoka hizi ndogo hazina ile mifereji ya pembeni ya paa kama za zamani. Galeri inashika kwenye ukingo wa mlango. Kitabu cha motoka nyingi za aina hii kinaruhusu kilo 50 hadi 75 juu, na galeri yenyewe imo kwenye hesabu. Galeri ya mabomba ya chuma yaweza kuwa na kilo 25 kabla hujaweka yai moja! Halafu upepo: ukitembea 80 kwenye lami na mzigo juu, esansi uliyokuwa ukiiokoa inakwenda hapo. Juu weka magodoro, vikapu, vitu vya hewa. Mayai usiweke, jua lenyewe litayaharibu.

mukate_kampemba

Yaya mwalimu, dada yangu, mimi ninagawa mikate kwa Vitz tangu miaka minne. Mkate ni kama yai lako, hauna kilo nyingi lakini unakula nafasi. Jibu langu ni moja: toa kiti cha nyuma kabisa. Usikikunje. Kiti kilichokunjwa kinakula urefu wa kwenda juu na sakafu inabaki na mteremko, ndiyo maana unaishia 45.

Namna nilivyofanya. Cha kukalia kinatoka kwa kuvutwa juu upande wa mbele. Cha kuegemea kimeshikwa na bolti, ufunguo wa 14 unatosha. Bolti zote tia kwenye kimfuko na ukifunge kwenye kiti chenyewe, usiziache zikizunguka ndani ya motoka. Mara ya kwanza ilinichukua saa nzima, siku hizi ni robo saa. Tairi la akiba liache mahali pake, usidanganyike kulitoa ili kupata kilo.

Kisha ubao wa tripleksi (plywood) wa milimita 12 sakafuni, umekatwa kufuata matumbo ya matairi, yale yanayotokeza ndani juu ya magurudumu. Pima motoka yako mwenyewe, lakini ninafikiri kati ya matumbo utapata karibu mita 1, na kutoka migongo ya viti vya mbele hadi mlango wa nyuma mita 1.3 au 1.4. Plato ina sentimita 30 hivi kila upande. Kwa hiyo safu tatu kwa nne, ni nguzo 12. Kila nguzo plato sita, kama katoni za mayai zinavyopangwa, sita upande huu na sita upande ule. Hapo una 72 sakafuni. Juu yake rafu ya tripleksi kwenye fremu ya mbao, ya nusu ya mbele tu, na unaongeza nguzo nne au tano.

Kwa nini nusu ya mbele? Kilo zikae kati ya ekseli mbili. Ukizirundika karibu na mlango wa nyuma, pua inapanda, usukani unakuwa mwepesi na taa zako zinamchoma macho anayekuja mbele.

Na hili usiliache hata kama pesa imekwisha: kiti kikitoka, hakuna tena kinachozuia mzigo usije mgongoni kwako. Weka fremu ya chuma yenye wavu nyuma ya kiti chako, ifungwe kwenye matundu ya bolti za kiti na ya mikanda, si kwa kamba. Kilo 190 zikikufuata kwenye breki hazitajua kuwa ni mayai.

kisanga_77

Ninyi mnaogopa remoki bure. Mimi ninavuta matofali kwa Corolla na remoki ndogo, na Corolla ikifika nyumbani inabaki Corolla. Mwalimu angebaki na viti vyake kwa watoto.

fundi_katuba

Ndugu, kwa matofali ninakubali. Tofali halivunjiki likiruka. Remoki ya matairi mawili madogo, nyepesi, inaruka kila shimo, na njia za kuingia kwenye ferma unazijua, hasa mvua za Desemba na Januari zikishapita. Angefika na omleti.

Tena IST yake ni otomatiki. Kuvuta kunachemsha mafuta ya giaboksi, na giaboksi ikifa gharama yake inameza mayai ya miezi mingi. Na ndoano ya kuvutia isichomelewe kwenye bampa kama wanavyofanya baadhi. Lazima ifungwe kwa bolti kwenye mihimili ya bodi. Hiyo pamoja na remoki na taa zake, dola 300 hazifiki.

dereva_kasumbalesa

Mama mwalimu, mimi nasema tazama mbele. Biashara ikifika plato 150, IST haitakufaa tena hata ukiing'oa mpaka dashibodi. Siku hiyo tafuta Probox. Toyota waliitoa 2002 kwa kazi hii hii, gari ya mizigo ya kilo 400 watu wakiwa wawili, sakafu bapa, ekseli ya nyuma ngumu, na injini ni ya ukoo uleule wa IST kwa hiyo vipuri hutahangaika. Esansi inazidi kidogo tu. Lakini ukinunua, tazama tairi. Wengi wanaivua tairi zake za mzigo, zilizoandikwa LT, wanaivalisha za taksi. Hapo umenunua jina la Probox tu.

Kwa sasa fuata shauri la mukate.

mwalimu_golf

Nimerudi baada ya wiki mbili, kama nilivyowaahidi wale walioniandikia.

Nilitoa kiti. Seremala wa Kamalondo alinikatia tripleksi, fundi wa kuchomelea aliyetaka kunipa galeri alinitengenezea fremu ya wavu badala yake, na sikumaliza hata nusu ya dola 300. Nafasi ilitoka kama mukate alivyosema: nguzo 12 chini, nne juu ya rafu. Plato 96. Nilijaza upepo wa matairi kwa namba za ile karatasi ya kwenye nguzo ya mlango wa dereva, nikaenda polepole.

Jumamosi ya kwanza nilivunja mayai 31. Nilikaa kwenye motoka nikayahesabu na kwa kweli nilitaka kulia. Karibu yote yalikuwa juu ya rafu, plato za chini kabisa. Sakafuni yalivunjika mawili tu. Nikaelewa kuwa ubao wa rafu ulikuwa unatetemeka na kupiga. Nikakata godoro kuukuu la musi (sponji), nikatandika juu ya rafu, nikatia na vipande chini ya miguu ya fremu, na nguzo zote nikazibana kwa mikanda isiyoacha upenyo. Jumamosi ya pili yalivunjika manne.

Esansi: lita 7.8 kwa kilomita 100 siku ya mzigo. Safari moja badala ya mbili, ninalala vizuri.

Jambo moja limebaki. Jumatano ninatoka shule moja kwa moja na watoto, siwezi kutoa kiti. Mwanangu mkubwa anasema atakaa kwenye tripleksi na kushika mayai.

mukate_kampemba

Hapana yaya. Hilo nakuomba kama ndugu. Hakuna mtoto nyuma bila kiti na mkanda, hata kwa kilomita mbili. Jumatano waache kwanza nyumbani, ukunje viti, chukua 45 zako kama zamani. Mzigo mkubwa ni wa Jumamosi. Ijumaa jioni kiti kinatoka, Jumapili kinarudi, na bolti uzikaze kweli kwa ufunguo, si kwa mkono.

fundi_katuba

Naunga mkono. Na mwalimu, baada ya mwezi mmoja leta motoka niinue nyuma. Nitafungua ngoma za breki na kuzungusha magurudumu nisikilize beringi. Ukisikia kabla ya hapo mlio wa kunguruma unaoongezeka na mwendo, usingoje mwezi.

mwalimu_golf

Nimekubali, watoto watabaki kwa bibi yao Jumatano. Fundi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi ninamaliza masomo saa sita na nusu. Nitakuja Katuba na kiti kikiwa bado ndani, ili unioneshe pia namna ya kukaza zile bolti.